ASIYEJIBU NAYE AHESABIWE
Somo juu ya kuulizana habari kwa simu, pamoja na mafunzo kutoka Karagwe na Kyerwa

Ndugu Wanachama,

Somo letu la safari hii ni juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, nalo ni kuulizwa habari kwa simu. Zamani aliyetaka kujua hali ya mashamba alikuja mwenyewe. Alipiga hodi kwa mkubwa wa mahali, akatembezwa konde kwa konde, akahesabu mikarafuu kwa macho yake na kuandika katika daftari. Siku hizi huingia ujumbe katika simu: bonyeza hapa, jibu maswali 20. Mwenye kubonyeza hubonyeza, na mwenye kuupita huupita. Baada ya siku chache hesabu hutoka, nayo ina sura ya heshima: wakulima kadha wa kadha katika kila 100 wamesema hivi, waliobaki wamesema vile.

Kwa hesabu kama hiyo huamuliwa mambo yenye kugusa riziki zetu: miche ipelekwe wapi, majamvi wapewe nani, bwana shamba azuru vijiji gani kwanza. Basi yatupasa tujiulize swali moja kabla ya kuiamini hesabu yo yote ya namna hii: walioulizwa wasijibu, wamewekwa wapi?

Nia ya somo hili ni kuonyesha kuwa mtu aliyenyamaza si kitu kitupu. Naye ana shamba, ana shida na ana haja zake, na mara nyingi haja zake si sawa na za yule aliyejibu. Akiachwa nje ya hesabu, hesabu hupotoka; na ikipotoka, miche huenda kwa asiyeihitaji sana.

KARAGWE NA KYERWA YATUHUSU NINI?

Huenda mwanachama akauliza: sisi watu wa visiwani, wenye karafuu, tuna nini na Karagwe? Jibu ni kwamba mkulima wa kule ni ndugu yetu kwa kazi.

Karagwe na Kyerwa ni wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi ya Tanzania, zinazopakana na Uganda na Rwanda. Zamani zilikuwa wilaya moja iliyoitwa Karagwe. Kyerwa ilitengwa ikawa wilaya yenyewe mwaka 2012. Wenyeji wake ni Wanyambo, nao hupanda ndizi na kahawa pamoja katika shamba la karibu na nyumba, ambalo huliita kibanja. Chama kikuu cha ushirika wa kahawa katika wilaya zote mbili ni KDCU, nacho kina vyama vya msingi chini yake, vijijini.

Tazameni jinsi tunavyofanana. Kahawa ni mti wa miaka mingi kama mkarafuu. Mavuno yake huja kwa msimu, na bei yake hutoka ng'ambo. Mpaka u karibu, na magendo huvutia. Tena wana jambo wanaloliita butura, yaani mkulima mwenye dhiki huiuza kahawa yake ingali maua au ingali mbichi mtini, kwa bei ya chini, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Serikali imelipiga marufuku, lakini dhiki haina masikio. Nasi huku twamjua mtu aliyeziuza karafuu zake zikiwa bado mtini ili alipe ada ya shule au dawa ya mgonjwa.

Sasa fikirini mtu anampigia simu mkulima wa Kyerwa asiyemjua na kumwuliza: je, mwaka huu umeuza kahawa kwa butura? Mkulima hamwoni anayeuliza. Hajui kama ni mtu wa chuo, mtu wa serikali au mtu wa mdai wake. Atafanya moja katika mambo matatu: atakata simu, atasema hapana, au atasema ndiyo. Mwenye kusema ndiyo aghalabu ni yule asiyeogopa kitu. Hapo mmekwisha ona shida yote ya somo hili kwa mfano mmoja.

AINA TATU ZA WASIOONEKANA

Wataalamu wa hesabu za watu huwagawa wasioonekana katika mafungu matatu, na ni vema tuyajue kwa sababu dawa zake si moja.

Fungu la kwanza ni asiyekuwamo katika orodha. Bibi mzee mwenye mikarafuu 30 lakini hana simu, au ana simu ndogo ya kitochi isiyofungua maswali, hakukataa kujibu: hakuulizwa. Kadhalika yule ambaye namba yake katika daftari la chama ni ile ya zamani iliyokwisha kufa.

Fungu la pili ni aliyemo katika orodha lakini jibu lake halikupatikana. Simu haina chaji, yuko mahali pasipo na mtandao, yuko juu ya mkarafuu na mchana wote hashuki, au ameuona ujumbe akadhani ni wa matapeli. Huyu aliulizwa, ila hakujibu.

Fungu la tatu ni aliyejibu akaruka maswali. Ameandika jina lake na idadi ya watoto, lakini alipofika penye deni na mapato akanyamaza. Katika vitabu vya hesabu huyu huonekana amejibu, kumbe lile lililo muhimu hakulisema.

Liko na kosa la nne, linalofanana na haya, nalo ni kuchanganya majina ya mahali. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 332,020 katika Karagwe na 321,026 katika Kyerwa. Mtu akiichukua Karagwe ya sensa hiyo akailinganisha na Karagwe ya sensa ya mwaka 2002, bila kujua kuwa wilaya imegawanywa, atadhani watu wa Karagwe wamekimbia nchi yao. Kumbe wamo majumbani mwao, ila jina la wilaya limebadilika.

Wingi wa majibu peke yake hautuokoi na makosa haya. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilitaka kujua nani atachaguliwa Rais. Lilipeleka karatasi kiasi cha milioni 10 kwa watu, na majina mengi lilikuwa limeyatoa katika vitabu vya wenye simu na orodha za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2, nazo zilionyesha kuwa Landon atamshinda Roosevelt. Uchaguzi ulipofika, Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Wenye simu na magari wakati ule hawakuwa sawa na watu wote. Tena uchunguzi uliotolewa mwaka 1988 ulionyesha kuwa hata miongoni mwa waliopelekewa karatasi, waliozirudisha walikuwa na mwelekeo mwingine kuliko walioziacha. Majibu milioni 2 hayakufaa kitu, kwa kuwa hakuna aliyewaendea walionyamaza.

KAGERA WALIVYOWATAFUTA WALIOTOWEKA

Mkoa wa Kagera una sifa kubwa miongoni mwa wanaochunguza habari za watu, na sifa yenyewe ni ya kuwatafuta waliotoweka.

Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia pamoja na chuo cha Muhimbili walifanya utafiti katika mkoa huo, Karagwe ya zamani ikiwamo. Walitaka kujua vifo vya watu wazima, katika zama zile za ukimwi, vinaziathiri vipi nyumba zinazobaki. Walichagua kaya 915 na kuzizuru hata mara nne.

Mwaka 2004 watafiti walirudi. Miaka 10 na zaidi ilikuwa imepita. Watoto walikuwa wameoa na kuolewa, wengine wamehamia wilaya nyingine, wengine wamekwenda Mwanza na Dar es Salaam, na wengine wamevuka mpaka hata Uganda. Njia rahisi ilikuwa kubisha hodi pale pale penye nyumba ya zamani, kumwuliza aliyeko, na kumfuta asiyeko. Wao hawakufanya hivyo. Waliwauliza jamaa na majirani: fulani yuko wapi, na nani ajuaye namba yake? Kisha wakamfuata huko aliko. Kaya zile 915 zilikuwa zimezaa kaya nyingine nyingi, hata walizohoji zilizidi 2,700. Ukiziacha kaya ambazo watu wake wote walikuwa wamekwisha kufariki, katika kila kaya 100 za mwanzo walimpata angalau mtu mmoja katika kaya 93. Mwaka 2010 wakarudi tena, wakapata 92 katika kila 100.

Taabu hiyo ilileta faida gani? Walipolinganisha watu waliotoka katika nyumba moja ya zamani, waliona kuwa matumizi ya wale waliohama yaliongezeka kwa asilimia 36 zaidi kuliko ya ndugu zao waliobaki kijijini. Yaani wasioonekana kijijini ndio hasa waliobadilika hali. Mtafiti mvivu angewahoji waliobaki tu, akaandika kuwa watu wa Kagera wameendelea kidogo sana, na angekuwa amekosea pasipo kusema uongo hata mmoja. Kila neno aliloandika lingekuwa kweli, ila jumla yake ingekuwa si kweli.

Nawaombeni mlishike sana jambo hili. Kukosekana kwa mtu hakutokei ovyo ovyo kama tone la mvua. Kuna sababu iliyomfanya asipatikane, na sababu hiyo mara nyingi ndiyo hiyo hiyo tunayotaka kuichunguza. Mkulima aliyekata tamaa na mikarafuu yake akaenda mjini kuuza duka hatajibu maswali ya mikarafuu; na huyo ndiye ambaye angetueleza kwa nini mashamba yanaachwa.

ALIYESHIKA SIMU NI NANI?

Jambo la pili ni kujua nani hasa amejibu. Simu ikilia nyumbani, aipokeaye si lazima awe mwenye shamba. Huenda ni kijana wake, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kusoma vitufe.

Jambo hili limepimwa hapa Tanzania. Utafiti mmoja juu ya kazi uliwagawa watu kwa bahati nasibu: wengine waliulizwa wenyewe juu ya kazi zao, na wengine waliulizwiwa kwa mtu mwingine wa nyumbani. Ilionekana kuwa wanaume waliosemewa na wengine walihesabiwa kuwa na kazi kwa uchache kuliko wale waliojisemea, na sehemu kubwa ya kazi iliyosahauliwa ilikuwa kazi ya shamba. Msemaji alimwona baba hana ajira, akajibu hana kazi. Kumbe baba kutwa yuko kondeni.

Tena, maradhi ya korona yalipoingia mwaka 2020 watafiti wa nchi nyingi walishindwa kwenda majumbani, wakategemea simu. Wataalamu walipoyatazama majibu ya Ethiopia, Malawi, Nigeria na Uganda waliona kuwa waliojibu kwa simu walikuwa zaidi wakuu wa kaya na wake au waume zao, tena wenye umri na elimu kuliko watu wazima wengine. Vijana wa nyumbani na jamaa wanaokaa kwa wengine walikuwa wachache. Kwa hiyo hata pale kaya ilipopatikana, si kila mtu wa kaya aliyesikika.

Na kinyume chake kipo: mtu mmoja mwenye laini mbili za simu huweza kujibu mara mbili, akahesabiwa watu wawili. Ujumbe ukirushwa tu katika makundi ya WhatsApp, kila mtu akampelekea mwenziwe, hakuna ajuaye umewafikia watu wangapi. Hapo huwezi hata kusema wangapi hawakujibu. Hesabu ya namna hiyo ni kama pishi isiyo na kitako: utaijaza kutwa na hutajua umepima nini.

KARATASI NA MASHINE

Wako watu wenye kusema kuwa makosa yote yatakwisha kwa mashine. Wengine husema mashine haifai kitu, turudi kwenye karatasi. Wote wawili wamepita mpaka, na ushahidi wake umetoka katika kisiwa cha karafuu chenyewe, Pemba.

Mwaka 2010 watafiti walizihoji kaya 1,840 za Pemba. Kwa bahati nasibu, baadhi zilihojiwa kwa karatasi na kalamu, na nyingine kwa mashine ndogo iliyobebwa na karani. Maswali yalikuwa ni yale yale. Fomu za karatasi zilitoka na makosa mengi ambayo mashine ingeyazuia: maswali yaliyorukwa, majibu yasiyopatana, hesabu zisizowezekana. Mashine humsimamisha karani pale pale, mbele ya mwenye nyumba, ikamwambia kuwa hapa hapajajazwa, au kuwa idadi hii hailingani na ile ya juu. Karatasi hunyamaza mpaka ifike afisini, na hapo mwenye nyumba yuko mbali. Tena makosa ya karatasi hayakutawanyika sawasawa. Yalifuatana na hali za kaya zenyewe, hata picha ya umaskini na utajiri ikaharibika kwa namna ambayo mtu hawezi kuisawazisha kwa kubahatisha.

Lakini angalieni: mashine ile ilikuwa mikononi mwa karani aliyefunzwa, naye amefika mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa katika sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, ambayo makarani waliifanya kwa vishikwambi, na watu 61,741,120 wakahesabiwa katika Tanzania, 1,889,773 wakiwa wa Zanzibar. Kishikwambi cha karani aliyebisha hodi ni jambo moja. Ujumbe uliotupwa katika simu ya mkulima ni jambo jingine. Mashine hurekebisha makosa ya aliyejibu, wala haimleti asiyejibu. Wala haiwezi kumfanya mkulima wa Kyerwa aseme habari za butura ikiwa hamwamini anayeuliza. Hilo ni kazi ya mtu.

HESABU YENYEWE

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu maneno haya yatabaki hadithi. Mfano huu ni wa kufundishia tu, wala si habari za chama cho chote.

Chukueni chama chenye wanachama 400. Wamepelekewa ujumbe wa simu wenye swali: je, mikarafuu yako imezeeka hata unahitaji miche? Waliojibu ni 120. Katika hao, 30 wamesema ndiyo. Mwenye haraka atasema: 30 katika 120 ni robo, basi robo ya wanachama, yaani watu 100, wahitaji miche. Akaagiza miche ya watu 100.

Tuwatazame walionyamaza. Wako 280. Ikiwa hakuna hata mmoja wao ahitajiye miche, wahitaji ni 30 tu katika 400. Ikiwa wote wahitaji, wahitaji ni 310. Kwa hiyo tunachokijua kwa hakika ni kwamba jibu liko mahali fulani kati ya 30 na 310. Hii robo tuliyoipata imesimama juu ya dhana moja, kwamba walionyamaza ni sawa na waliojibu. Dhana hiyo haikuthibitishwa na mtu.

Iko njia ya kuitoka shida hii, nayo ilielezwa na Hansen na Hurwitz wa afisi ya sensa ya Marekani mwaka 1946. Usiwakimbilie wote 280, maana nauli haitoshi. Andika majina yao, piga kura, toa majina 40. Hao 40 wafuate mpaka majumbani, mmoja mmoja, usimwache hata mmoja. Tuseme umewapata wote, na 22 wamesema wahitaji miche. Hiyo ni asilimia 55. Itie asilimia hiyo kwa wote 280, utapata 154. Wajumlishe na wale 30 wa kwanza, utapata 184.

Basi wahitaji ni kiasi cha 184, wala si 100. Nasema kiasi, kwa sababu kura nyingine ingeweza kutoa 19 au 25 badala ya 22, na jumla ikapanda au kushuka kidogo. Lakini tofauti ya 184 na 100 si ya kidogo. Ikiwa kila mmoja ni wa kupewa miche 50, watu 84 wamekosa miche 4,200. Na ni nani hao? Ni wale wasio na simu janja, wazee, wajane, na wenye mashamba ya mbali. Yaani wale ambao mikarafuu yao aghalabu ndiyo mikongwe kuliko yote.

Angalieni pia kuwa sharti la kura ni lazima. Ukiwaendea 40 walio karibu na barabara, umerudi kule kule kwa Literary Digest.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa upande wa wenye kuuliza, pamoja na chama chetu chenyewe kinapowauliza wanachama, haya ndiyo yafaayo:

1. Kuanza na orodha kamili ya watu, wala si orodha ya wenye simu janja. Asiye na simu aandikwe pia, na jirani au jamaa wa kumpata atajwe.

2. Kupiga simu zaidi ya mara moja, kwa saa mbalimbali. Katika msimu wa kuchuma mchana hautufai. Baada ya magharibi watu wako majumbani.

3. Kutangaza mapema nani anauliza na kwa ajili gani, ili watu wasidhani ni matapeli. Taasisi ya Twaweza ilipoanza mradi wake wa Sauti za Wananchi huko Bara, kwa watu 2,000, iliwafikia kwanza majumbani, ikawapa simu na kifaa cha kuchaji kwa jua, ndipo kuanzia mwaka 2013 ikawa inawapigia. Walijuana kwanza, wakaulizana baadaye.

4. Maswali yawe machache, kwa lugha ya nyumbani. Mzee wa Karagwe hujieleza vema kwa Kinyambo, na mzee wa hapa kwa lafudhi ya kwao.

5. Maswali ya siri, kama madeni au karafuu zilizouzwa mtini, yasiulizwe kwa jina ikiwa jina halina kazi, na majibu yasipewe mtu mwingine.

6. Walionyamaza wafuatwe kwa kura kama tulivyoona.

Kwa upande wetu tunaoulizwa:

1. Uliza kwanza: wewe ni nani, na majibu yangu yataenda wapi? Usipopata jibu la kuridhisha, kukataa ni haki yako. Lakini sema nakataa, usinyamaze tu, ili ujulikane kuwa ulifikiwa.

2. Usimjibie mwenzio. Kijana na amsomee baba yake maswali, kisha aandike maneno ya baba, si ya kwake.

3. Usibahatishe idadi. Kama hujui mikarafuu yako ni mingapi, sema hujui, au kahesabu. Neno "sijui" la kweli lina thamani kuliko namba ya kubuni.

4. Usizidishe shida kwa tamaa ya miche, wala usipunguze mavuno kwa hofu. Wengi wakifanya hivyo, mwaka ujao hakuna atakayeiamini hesabu yetu, hata ikiwa ya kweli.

5. Ukiona jirani yako hana simu, lipeleke jina lake kwa katibu.

Na liko jambo moja ambalo nitalileta mbele ya mkutano wetu mkuu, nalitaja hapa ili mlifikiri kabla. Nataka tukubaliane kuwa hesabu yo yote itakayoletwa kwetu juu ya wakulima wa karafuu, iwe ya serikali, ya chuo au ya kamati yetu wenyewe, tusiipokee mpaka iwe na namba tatu juu yake: walioorodheshwa ni wangapi, waliojibu ni wangapi, na walionyamaza ni wangapi. Namba hizi hazigharimu kitu kuziandika. Anayezificha ana sababu, na sisi tuna haki ya kuijua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mafungu matatu ya wasioonekana, na kwa kila fungu mtaje mtu mmoja katika kijiji chako, bila kusema jina lake hadharani.

2. Kwa nini watafiti wa Kagera waliwafuata watu hata Uganda, badala ya kuwahoji waliobaki tu?

3. Chama kina watu 200. Waliojibu ni 80, na katika hao 20 wamesema hawana majamvi. Walionyamaza wamepigiwa kura, watu 30 wakazuriwa, na 18 wamesema hawana. Wasio na majamvi ni kiasi gani katika chama kizima? (Jibu: 92.)

4. Mashine ya Pemba iliondoa makosa gani, na ni kosa gani isiloweza kuliondoa?

Atakayepata taabu katika swali la tatu na aje afisini siku ya kazi yo yote na kalamu yake, tuifanye pamoja.

Wasalaam,
Katibu wa Chama